Nusu Yangu ya Chombo Haitoki Leo

Dagny Krog alikuwa na mdomo, hilo halina ubishi, na mtu akisusa chakula chake basi mdomo huo haufungwi wiki nzima. Alhamisi ile mchana aliteremka ngazi ya darini na sahani ya samaki mkunga aliyekaushwa kwa moshi vile vile alivyoipandisha, akaibwaga mezani mbele ya mumewe.

"Hataki! Nguruwe hali, mkunga hali, soseji anaigeuzia uso kama nimemletea uchafu. Sasa anakula nini yule? Hewa?"

"Punguza sauti," alisema Laurits.

"Nipunguze ya nini? Na anisikie! Mkunga huyu nimemficha tangu Agosti, nimewanyima ndugu zangu wa tumbo moja. Leo bibi kutoka mjini ananisukumia sahani kwa kidole. Kidole kimoja, Laurits!"

Darini walisikia kila neno, maana kati yao na jiko palikuwa na mbao tupu. Moritz Skorka, mshona kofia wa Kopenhagen, alikuwa amejikunja chini ya paa pamoja na mkewe Fanny, mwenye mimba ya miezi saba. Mama yake Moritz, Bi Gitel, aliketi juu ya gunia la viazi na pochi yake mapajani kama mtu anayengoja treni. Walifika Jumatano, wakiwakimbia Wajerumani waliokuwa wakizoa Wayahudi nyumba kwa nyumba mjini na kuwapakia melini. Uswidi ilikuwa pale pale ng'ambo. Ukipangusa kidirisha cha darini unaona moshi wa nyumba za Waswidi. Kilichotakiwa ni chombo na siku ya kuvuka, basi.

"Ungeonja tu, mama," Fanny alinong'ona. "Tumo ndani ya nyumba ya watu."

"Sianzi kula mkunga leo, na miaka yangu sabini na moja."

"Basi hata asante?"

"Nimesema asante."

"Umeisemea tumboni! Nani kaisikia?"

Nisifiche kitu. Siku hizi wageni wanakuja kijijini kwetu, hapa pwani ya Denmaki, kutupiga picha na kutusifu, eti watu wa roho safi. Roho safi wapi! Wale Wayahudi tuliwavusha, ndiyo, lakini tulinung'unika, tukachukua hela zao, na wengine wetu tuliwahesabia hata viazi. Laurits mwenyewe alikuwa na bahasha ya Moritz mfukoni mwa koti, bei ya cherehani mbili na samani zote za sebuleni, na hakuona haya. Mafuta ya injini hayaokotwi. Alimwambia Moritz: Jumamosi alfajiri, muwe mmevaa.

*

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri Laurits alipanda ngazi na buti zake za baharini. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji na mlinzi wa Kijerumani wa bandarini alikuwa kibandani anapasha mikono. Moritz na Fanny walikuwa tayari, viatu mkononi. Bi Gitel alikuwa bado juu ya gunia lake, kitambaa cheupe kichwani, midomo inacheza.

"Bibi, twende."

"Leo sitoki."

"Hatoki vipi?" Laurits alimuuliza Moritz, maana yule bibi alikuwa amefumba macho tena.

Moritz alipata rangi ya chokaa. "Ni Siku ya Upatanisho, bwana. Ilianza jana jua lilipozama. Amefunga. Leo hali, hanywi, hasafiri, mpaka nyota zitoke." Akamgeukia mama yake. "Mama, kuokoa roho kumeruhusiwa. Unajua kumeruhusiwa. Kila mtu anajua."

"Kumeruhusiwa," alisema Bi Gitel. "Mimi sijiruhusu. Nyie nendeni."

"Nikuache hapa? Peke yako?"

"Niache. Nimekuzuia?"

Fanny alimwinamia, tumbo mbele, uso kwa uso. "Wewe mwanamke una roho gani? Unajua hatakuacha. Unajua kabisa! Mwanangu akizaliwa ndani ya behewa la ng'ombe, nitamwambia bibi yako alikuwa anasali."

Bi Gitel aliendelea na sala yake. Moritz aliketi chini taratibu, akaanza kuvaa viatu kisha akavivua tena, hajui afanye lipi. Laurits alisimama na taa yake akimtazama yule bibi. Alikuwa mtu wa Misheni, Laurits, Mkristo wa kushika Biblia neno kwa neno, kama sisi sote pale. Vitabu vya Musa alivisoma mpaka kurasa zikaisha kona. Siku ya Upatanisho aliijua tangu utotoni, ila hakuwahi kumwona mtu mzima anayeishika.

"Ni siku yake," alisema mwishowe. Akashuka ngazi.

Dagny alikuwa amesimama jikoni na birika la ile kahawa ya vita, ya mizizi ya kuchoma. "Wako wapi?"

"Leo hawaendi. Bibi anashika siku."

"Anashika nini? Na mimi nishike nini, ujauzito wa yule binti? Ukawaacha tu? Hukumbeba begani?"

"Mtu na siku yake, Dagny," alisema Laurits, akaenda kuvua samaki.

*

Nyota zilipotoka jioni ile, Bi Gitel alikula kipande cha mkate mweusi na yai moja la kuchemsha. Alikuwa bado anatafuna wakati askari wa kijiji chetu, Villads, Mdenmaki mwenzetu, alipoingia kwa mlango wa jikoni bila kubisha na bila kuvua kofia.

"Jumatatu asubuhi," alisema. "Malori mawili ya Wajerumani. Nyumba kwa nyumba, dari kwa dari, mpaka mabanda ya nyavu. Mimi hapa sijafika." Akatoka.

Dagny alifunga mlango kwa komeo, akamgeukia mumewe. "Kesho basi."

"Kesho ni Jumapili."

"Najua kesho ni siku gani, nimeolewa nawe miaka thelathini."

"Basi unajua."

Hapo ndipo penye jambo lenyewe, na mtu asiyetujua sisi anaweza kudhani nampiga kamba. Kijijini kwetu hakuna chombo kilichowahi kutoka bandarini Jumapili. Samaki wa heringi wakipita karibu mpaka unawasikia wakipiga maji, tunakaa na makoti meusi tunawatazama wakienda zao Uswidi. Baba yake Laurits alifanya hivyo mwaka ambao nyumbani hakukuwa na mkate. Wajerumani nao walikuwa wametuzoea. Siku sita walinzi wawili walikaa bandarini wakipekua kila chombo kwa vyuma virefu, lakini Jumapili walijua hakuna wa kupekuliwa. Wakishakunywa chai wanakwenda baa kucheza karata. Siku moja tu ya wiki njia ilikuwa wazi bila kungoja ukungu wa alfajiri, na iliachwa wazi kwa sababu sisi wote hatukuthubutu kuitumia. Usiku bandari ilifungwa kwa mnyororo. Na vijiji vya jirani? Barabara zilijaa vizuizi.

"Usafiri wa saa moja na nusu," alisema Dagny. "Kwenda tu na kurudi. Mungu atageuza uso kidogo."

"Mungu si askari Villads."

"Laurits, wakiwakuta hapo juu watatuchukua na sisi!"

"Watuchukue."

"Ala! Yaani kweli? Yule juu ana Jumamosi yake, wewe una Jumapili yako, na Wajerumani wana wiki nzima! Nitoke niende wapi mimi katika nyumba hii ya watakatifu?"

Laurits alipanda ngazi. Alitoa bahasha mfukoni, akaiweka juu ya ubao mbele ya miguu ya Moritz kama anayemrudishia mwenye duka bidhaa mbovu.

"Hela zako. Hazijapungua. Tafuteni mwingine."

"Mwingine nani, bwana?" Moritz alitaka kusimama, akagonga kichwa kwenye boriti, akaishia kwenye magoti. Alipoona yuko magotini akabaki hapo hapo. "Bwana Krog, mke wangu ana miezi saba. Nakuongezea. Nina saa ya baba yangu, nina..."

"Inuka. Mimi sipigiwi magoti."

"Leo asubuhi ulimwelewa mama yangu!"

"Nilimwelewa. Basi na yeye anielewe."

Fanny alicheka kicheko kibaya. "Umesikia, mama? Mmepatana. Mnafanana kweli. Mngeoana."

Bi Gitel alikuwa anaiangalia bahasha. Usiku ule Moritz alimsikia akigeuka geuka juu ya magunia mpaka kulipokucha.

*

Jumapili saa mbili na nusu asubuhi Laurits alikuwa mezani, koti jeusi, shati la kola ngumu, kitabu cha nyimbo kando ya kikombe. Dagny alikuwa amepanga mkate na soseji ya nguruwe iliyokatwa vipande vinene, ya Jumapili tu, na hasemi. Dagny asiposema, ujue ni hatari. Ngazi ikalia. Bi Gitel alikuwa anashuka kinyumenyume, pochi mkononi, mchana kweupe na pazia la dirisha liko wazi.

"Rudi juu!" Dagny aliruka akavuta pazia. "Una wazimu? Unataka tuuawe?"

Bi Gitel alivuta kiti, akaketi mkabala na Laurits. Akasogeza sahani ya soseji mbele yake.

"Hiyo ni ya nguruwe," alisema Laurits.

"Najua ni ya nini. Siku nne nainusa."

Alichukua kipande kwa vidole akakitia mdomoni. Alitafuna. Shingo ilimkataa, ukamwona anavyolazimisha, mkono umeshika ukingo wa meza. Kikapita. Akachukua cha pili. Dagny mwanzoni alitaka kucheka, maana siku zote zile alikuwa akiomba kuiona siku hii, lakini kicheko kikamkauka. Machozi yalikuwa yakimtiririka yule bibi mpaka kidevuni na hayapangusi, anatafuna tu.

"Basi, bibi," alisema Dagny. "Basi, inatosha, jamani."

"Haijaisha."

Alikula vipande vyote sita. Kisha alitoa leso kwenye pochi, akafuta vidole kimoja kimoja, na kukunja ile leso ndani nje.

"Mama yangu alikufa hajaionja," alimwambia Laurits. "Na mama yake vile vile. Jana nilishika siku yangu, chombo chako kikaenda bila mwanangu. Nilijipenda mimi, nikaita ibada. Usiku kucha nimelijua hilo na hakuna wa kunifutia dhambi hiyo. Sasa nimevunja, tena mbele yako. Zamu yako."

"Mimi sikukuambia ule," alisema Laurits.

"Na mimi sikukuambia unifiche. Vaa buti."

Saa ya ukutani ilikuwa inagonga saa tatu kasorobo. Laurits alitazama kitabu chake cha nyimbo, akatazama sahani tupu. Alikuwa amekasirika, nyie, amekasirika mpaka masikio mekundu. Alijisikia kama mtu aliyenaswa sokoni na tapeli. Akavua kola akaitupa juu ya meza.

"Dagny, wape makoti meusi."

*

Walitoka kwa mlango wa mbele kama watu wa ibada. Fanny alivalishwa koti la mazishi la Dagny, halifungi tumboni, Bi Gitel kofia ya pili ya Dagny, Moritz suruali ya Laurits iliyokunjwa mara mbili, na kila mmoja kashika kitabu cha nyimbo kifuani. Njia nzima watu walikuwa wakienda Nyumba ya Misheni. Waliwaona? Waliwaona. Mama mmoja aliitikia salamu ya Dagny, akaona lile tumbo, akageukia kumfunga mwanawe kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Penye kona, wengine wote wakakunja kulia na Dagny na watu wake wakakunja kushoto, kuelekea gatini.

Chombo kiliitwa Betesda. Injini yake ilikuwa ya zamani, ya silinda moja, haiwaki mpaka uipashe kichwa kwa taa ya pampu yenye mwali mkali dakika kumi, kiwe chekundu. Siku nyingine dakika kumi si kitu, unavuta kiko. Laurits alipiga magoti mbele ya injini na suruali yake ya Jumapili, taa inanguruma, na Wayahudi watatu wakiwa tumboni mwa chombo chini ya nyavu zilizolowa. Dagny alisimama gatini akilinda.

"Ole wangu," alisema. "Kaka yangu huyo."

Tyge Holst alikuwa mtunza funguo za Nyumba ya Misheni, na nusu ya Betesda ilikuwa yake. Alikuja bila haraka, funguo zinalia kiunoni, akasimama penye kigingi kilichofungiwa kamba ya chombo. Akaketi juu yake.

"Zima hiyo taa, shemeji."

"Siwezi, Tyge."

"Nilifikiri nimesikia vibaya. Kumbe kweli. Taa, Jumapili."

"Kuna watu ndani."

"Najua kuna watu ndani, nimewaona wakipita na kofia ya dada yangu. Alhamisi mimi mwenyewe nimevusha wanne, au umesahau? Kesho alfajiri nitawapeleka hawa, na hela sitaki. Leo hapana."

"Kesho malori yatakuwa hapa kabla hujapasha injini," alisema Dagny. "Tyge, inuka. Umekalia kamba."

"Najua nimekalia nini."

"Kaka, nakuomba."

"Dada, usinitie majaribuni. Watu themanini wananingoja mlangoni kwa baridi, funguo ninazo mimi." Alimtazama Laurits kupitia juu ya kichwa cha Dagny. "Chombo hiki tulinunua wawili. Wewe nusu yako fanya utakavyo. Nusu yangu haitoki leo."

"Basi shika nusu yako," alisema Laurits. "Njoo na msumeno."

Chini ya nyavu Fanny alisikia hayo yote, akauma ngumi yake. Taa ya pampu ilikuwa bado inanguruma. Kutoka upande wa baa ilisikika sauti ya mtu anacheka, akasema kitu kwa Kijerumani, mlango ukafungwa tena.

"Ukitoka na chombo hiki," alisema Tyge polepole, "usikanyage tena mlango ninaoufungua mimi."

Laurits alitoa kisu cha kuparia samaki. Kamba ile ilikuwa mpya, ya mkonge, kipindi ambacho kamba mpya hukuipata hata kwa kulia. Walikuwa wameingoja miezi minane. Aliikata kwa mikono miwili, na kila uzi uliokatika Tyge aliutazama. Kisha akazungusha gurudumu la injini. Betesda ikakohoa mara mbili, ikaanza kupiga ule mlio wake mnene unaofika mpaka makaburini.

Watu themanini mbele ya Nyumba ya Misheni waliusikia. Mimi nilikuwa mmoja wao. Hakuna aliyegeuza shingo. Hatukuwa majasiri, tuliona aibu, ndivyo ilivyokuwa. Tulimwonea aibu Laurits Krog kama mtu aliyetoka uchi.

*

Nje ya bandari bahari ilikuwa imechafuka. Bi Gitel alitapika kabla ya nusu ya njia, akatapika mpaka hakuna kilichobaki, na Moritz akamshika paji la uso gizani mle kwenye harufu ya samaki. Chombo cha doria cha Kijerumani kilionekana mbali upande wa kaskazini, kijivu, kikageuka kikaenda zake. Ilikuwa bahati tu. Laurits alikuwa kwenye usukani na midomo yake haikusali hata mara moja. Alijaribu, akaona haya.

Upande wa Uswidi wavuvi walisogeza ubao wa kushukia. Fanny alishushwa kwanza. Moritz aliichukua bahasha kutoka kifuani akamsukumia Laurits, na Laurits akaichukua, hakukataa. Mafuta ni mafuta. Wa mwisho alikuwa Bi Gitel, kofia ya Dagny imekaa upande.

"Hukutaka hata kuishika tumboni," Laurits alimwambia. "Soseji yangu."

"Ilikuwa na chumvi nyingi," alisema Bi Gitel. Akashika mkono wake ili avuke ubao, na alipofika gatini akauachia bila kugeuka nyuma.

*

Malori yalifika Jumatatu saa mbili kasorobo. Walipekua kila nyumba. Kwa Krog walivuruga dari, wakamwaga viazi, wakatoboa magodoro, na Dagny akawafuata nyuma akilalamika kuhusu buti zao mpaka mmoja akamsukuma ukutani. Hawakupata mtu. Hapo mlinzi mmoja wa bandari, kwa kuogopa mkubwa wake, akasema jana akiwa karibu na bandari alisikia injini, lakini hakuona chombo.

Tukakusanywa gatini, wanaume wote. Laurits alikuwa mstari wa mbele, mikono nyuma. Ofisa alikuwa na mkalimani, Mdenmaki wa mjini mwenye koti la ngozi, mtu wa kwetu huyo, ndiye aliyekuwa mbaya kuliko wote.

"Jana asubuhi chombo kimetoka. Chombo gani?"

Ofisa akatembea mpaka penye kigingi, akakigusa kwa ncha ya buti. Kipande cha kamba kilikuwa bado kimeviringwa pale, kimekatwa kwa kisu, kinang'aa.

Mkalimani alimnong'oneza, kisha akanyoosha kidole. "Wewe. Holst. Wewe ndiye mwenye funguo za Misheni. Hawa watu hawasemi uwongo," alimwambia ofisa akitabasamu. "Huyu hasa. Mwulize huyu."

Na ilikuwa kweli. Tyge Holst aliwahi kumwambia mnunuzi kwamba heringi wake wamelala siku mbili, akapoteza mauzo ya msimu. Alipompeleka binti yake kuolewa, alimwambia mkwe kwamba binti huyo ana hasira. Sisi tulimcheka kwa hilo, na tulimwogopa. Nilimtazama Laurits: alikuwa amefumba macho. Dagny alikuwa mlangoni kwake na aproni mdomoni.

"Chombo kimetoka jana?" aliuliza mkalimani.

"Jumapili hapa hakuna chombo kinachotoka," alisema Tyge.

"Sijauliza desturi. Nimeuliza jana."

"Nilikuwa hapa gatini mwenyewe kabla ya ibada. Hakuna kilichotoka."

"Na injini?"

"Hakuna injini."

"Na hii kamba? Nani kaikata?"

Tyge alikohoa. Uso wake ulikuwa umejaa jasho, na Oktoba ile baridi ilikuwa kali. "Mimi. Ilikuwa imeoza."

Kamba mpya, jamani, ya mkonge, haijamaliza hata mwezi majini. Mtoto wa kwetu wa miaka mitano angejua. Ofisa aliiokota, akaigeuza geuza na glavu zake, mtu wa bara asiyejua kamba wala bahari, akamtazama mkalimani. Mkalimani wa mjini akatikisa kichwa kukubali. Hawa hawadanganyi. Kamba ikatupwa majini, na saa nne malori yakaondoka.

Hatukutawanyika. Laurits alimwendea Tyge, akanyoosha mkono.

"Shemeji..."

"Usiniite shemeji." Tyge aliutazama ule mkono mpaka ukashuka wenyewe. "Miaka hamsini na sita, Laurits. Hamsini na sita, sijasema uwongo hata mmoja. Leo mara tatu, mbele ya kijiji kizima."

"Ungeweza kusema kweli."

"Ningeweza!" Sauti ilimpasuka, na hatukuwahi kumsikia akipaza sauti. "Ukafungwa, dada yangu akafungwa, ningeweza! Wewe siku yako umeivunja kwa mkono wako mwenyewe. Kweli yangu umenivunjia wewe, na hukuniuliza."

"Tyge, kaka," alisema Dagny, amekuja mbio.

"Na wewe nyamaza."

Jumanne Wayahudi wengine kumi na mmoja waliletwa kutoka mafichoni msituni, na hakukuwa na chombo kingine chenye mafuta. Jioni Tyge alikuja kwa Krog, akasimama jikoni bila kuketi. Laurits alikuwa hatua mbili kutoka kwake, anakula.

"Mwambie mumeo saa kumi na moja alfajiri," Tyge alimwambia dada yake.

Dagny alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Laurits, anasema saa kumi na moja."

"Mwambie nitakuwepo."

Wakavuka. Mmoja kwenye injini, mwingine kwenye usukani, na wale kumi na mmoja chini wakidhani ukimya ule ni wa hofu. Wote walifika salama. Tyge na Laurits walivua pamoja katika chombo kile miaka kumi na minne zaidi, na hawakusemeshana tena mpaka Tyge anazikwa.